Mikono ya Mama kwa Ukuta wa Shule

Wiki jana jirani yangu alikata chai yake. Shamba yote ikabaki visiki, kama kichwa ya mtoto mwenye amenyolewa sababu ya chawa, na zile fito ndogo akazichomea pale kwa mpaka wetu. Moshi ikanifuata mpaka jikoni. Moshi ya mti ya chai si kama ya mahindi, si kama ya blugamu. Inaanza tamu kidogo, halafu inakuwa chungu huko nyuma ya ulimi, kama kikombe yenye imelala bila kuoshwa. Niliacha ugali kwa moto ikaungua. Mjukuu wangu akaja mbio, na ile sauti yake ya kuvuta kama redio yenye betri inaisha: "Magokoroooo, nyanya yangu, unalia?" Nikamwambia ni moshi. Lakini nyinyi wa rika yangu siwezi kuwadanganya. Nilikuwa nimemkumbuka mwalimu wa kuchora.

Mimi sikusoma. Haya maneno nasema na mdomo, huyo mjukuu ndiye anaandika, na nimemwambia akijaribu kuninyoosha Kiswahili nitamwiga mbele ya marafiki zake mpaka ahame Bomet. Lakini kuchora nilifundishwa. Nilifundishwa nikiwa nje, nimesimama chini ya dirisha, na mtoto kwa mgongo.

Tulikuwa tunakaa kambini, kwa shamba kubwa ya chai upande wa Kericho. Sisi ni Wakisii. Mama alikuja huko kuchuna majani, baba akabaki nyumbani kulinda kile kishamba babu alimwachia. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa mama, mimi, na ndugu yangu Makori, mtoto wa kunyonya, mzito kama gunia ya viazi yenye imenyeshewa. Mama akitoka asubuhi na kikapu, Makori alikuwa wangu. "Akianza kutembea, Moraa, utaenda shule," mama alisema. Sasa huyo Makori alikuwa mjanja. Miezi ikaenda, ikaenda, yeye amekaa tu chini anapiga makofi. Mpaka leo, na ni mzee mwenye ndevu nyeupe, nikimwona anatembea namwambia, "Sasa ndio umejua?"

Shule ya kambi ilikuwa karibu na mfereji wa maji. Nilikuwa napenda kuzunguka hapo sababu ya sauti. Nyinyi mnanijua, mimi nakusanya sauti za watu vile wengine wanakusanya kuni. Hedimasta alikuwa anaongea na pua, "Mmmwanafunzi, sssimama wima!", kama nyuki imefungiwa kwa chupa. Nyapara wa mama alikuwa anaongea na tumbo. Lakini huyo mwalimu wa kuchora, mwenye alikuja Ijumaa peke yake, hakuwa na sauti. Alikuwa Mkipsigis mrefu, shingo kama ya jogoo, na Kipsigis yake ilikuwa inaingia kwa Kiswahili bila kubisha hodi. Aliongea chini sana mpaka darasa yote inanyamaza ndio isikie. Mimi nikasogea dirishani kumsikia vizuri, nipate ya kwenda kuiga kwa bomba ya maji. Ndio hivyo nilinaswa.

Siku hiyo ya kwanza aliweka jani moja ya chai kwa meza. Moja tu.

"Mnaona nini?"

"Jaaani!" watoto wote.

"Rangi gani?"

"Kijaaani!"

Akaiinua, akaiangalia, akaigeuza. "Mimi sioni kijani. Ankalia tena."

Ndio alivyosema: ankalia, badala ya angalia, na bado yake ilikuwa pado. Watoto wakaangaliana. Chebet, binti wa jirani yetu, alikuwa na mdomo mrefu tangu kuzaliwa, akasema, "Mwalimu, hiyo ni kijani, hata ng'ombe anajua."

"Ng'ombe yenu anajua sana," mwalimu akasema. "Lakini hapa kwa ukingo? Na hapa chini, mahali kimepinduka? Ankalia pado."

Nikamhurumia. Wallahi nilimhurumia. Nilifikiri: woi, mtu mkubwa hivi na haoni! Wamemwandika kazi na macho imekufa! Wakati huo kambini kulikuwa na mzee mmoja alikuwa anapoteza macho, na alikuwa anauliza hivyo hivyo, "Nani huyo? Hiyo ni nini?" Basi mimi nikajua huyu naye ni kipofu kidogo, anaficha asifukuzwe, ndio maana anawauliza watoto kila kitu. Jioni nikamwambia mama, "Mwalimu wa kuchora haoni." Mama alikuwa analoweka vidole kwa maji ya chumvi. Akasema, "Kama haoni anachora aje?" Nikasema, "Hachori! Watoto ndio wanamchorea!" Na ilikuwa kweli. Hajawahi kuchora kwa ubao ati wengine wafuate. Walimu wengine wote wa hiyo shule walikuwa wanachora kikombe kwa ubao, watoto arobaini wanatoa vikombe arobaini, zote mkono upande mmoja. Hedimasta akipita anafurahi, "Sssafi sana." Huyu hapana.

Mimi na huruma yangu, Ijumaa ingine nikamletea msaada. Nilichuma majani kama saba nikampitishia kwa dirisha. Nikamwambia polepole, vile unaongea na mgonjwa: "Mwalimu, hii changa iko na njano kidogo hapa kwa ncha. Hii nzee imekuwa karibu nyeusi. Hii iko na nyekundu kwa mguu. Hii mvua ya mawe imeipiga, ikaacha shimo, na kando ya shimo kuna rangi ya kutu."

Darasa ikacheka mpaka Makori akaamka. Chebet akasema, "Mwanafunzi wa dirisha amekuja na mtoto wake!" Mwalimu hakucheka. Aliyapokea yale majani na mikono miwili, akaangalia moja moja, akachukua muda mpaka mimi nikaanza kuona haya. Halafu akasema, "Hii ya kutu nilikuwa sijaiona. Asante."

Hakusema vizuri. Hakusema nina akili. Alisema tu kile nimemwonyesha. Mimi niliruka hiyo njia yote ya kambi na gunia ya viazi mgongoni.

Ijumaa iliyofuata nikakuta karatasi kwa dirisha. Hakuniita, hakuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Karatasi imekaa hapo, imewekewa jiwe isipeperuke, na kando yake fimbo mbili za makaa. Karatasi zenyewe alikuwa anakata kutoka kwa mifuko mikubwa ya kiwanda, ile inapasuka, na upande wa ndani bado ilikuwa inanukia chai. Makaa alikuwa anatengeneza na watoto: wanaokota zile fito wakati chai inakatwa, wanazipanga kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, kifuniko kimetobolewa na msumari, inawekwa kwa moto wa mpishi wa shule. Moshi inatoka kwa hiyo tundu kama mzee na kiko chake. Ikiacha kutoka, imeiva. Ikipoa unafungua, na fimbo zinalia tin tin tin kama vioo.

Nikaanza. Nilikuwa nachora kwa ukingo wa dirisha, nimesimama kwa vidole vya miguu, shingo nje kama kobe. Na nikaona vile mwalimu anafanya kazi. Anatembea katikati ya madawati, mikono nyuma. Akifika kwa mtoto, hasemi hii ni nzuri, hii ni mbaya. Anasema kile anaona. "Hapa umepofya sana, hapa umekuwa mwepesi. Kwa nini?" Na anangojea. Mtoto akikosa jibu anasema, "Sawa, jipu litakuja," anaenda kwa mwingine. Kulikuwa na kijana mmoja alikuwa anachora lori vizuri kuliko wote, kila Ijumaa lori, kila mtu anamsifu. Mwalimu akamwambia, "Lori unajua. Leo nichoree mahali lori ilikuwa imesimama, imeenda." Huyo kijana alilia! Halafu akachora matope, na alama ya matairi, na mafuta imedondoka. Hata mimi niliona hiyo lori na haiko.

Na kitu ingine. Hakuwahi kugusa karatasi ya mtoto. Hata ukimlilia, "Mwalimu, nisaidie hii mguu ya kuku imekataa," anaenda kuchukua karatasi yake mwenyewe, anakaa kando yako, anajaribu yeye pia. Na ya kwake inakataa! Anasema, "Ona, hata yangu ni mbaya. Kuku huyu ni mkumu." Mimi nje huko nikasema moyoni: unaona, macho.

Nikachora Makori. Nikachora bomba. Halafu siku moja nikachora mikono ya mama.

Nyinyi mnajua mikono ya kuchuna chai. Utomvu unaingia kwa mistari unakuwa mweusi, hautoki hata na sabuni ya mche. Mama alikuwa na kidole kidogo kimepinda, kikapu ilikivunja na hakikurudi. Na kila asubuhi alikuwa anafunga kitambaa kwa kidole cha kwanza, mahali jani linakata, anafunga fundo na meno. Nilichora hayo yote. Ijumaa tatu nilichukua. Mwalimu alikuja dirishani, akaangalia, akakaa hapo. Akauliza, "Huyu ameshika nini?" Nikasema hajashika kitu, amemaliza kazi. Akasema, "Mimi naona pado ameshika." Akaenda. Nilimwangalia tena mama hiyo jioni na ni kweli, hata akiwa amekaa, vidole vilikuwa vimekunjwa kama viko kwa majani. Nikarekebisha.

Sasa ngojeni, hapa ndio mambo iliharibika, na ni Makori. Mtoto amekaa mgongoni anachoka, anashusha mkono, anachukua makaa, anakula. Mimi najua? Niko bize na fundo. Mama akarudi nyumbani akakuta choo ya mtoto ni nyeusi kama lami. Yaye! Alipiga hiyo nduru kambi yote ikatoka. Mmoja anasema amerogwa, mwingine anasema ni tumbo ya kufa. Kesho yake mama hakuenda kazi, akakimbia na mtoto mpaka zahanati. Daktari akamfungua mdomo, akaangalia meno. Mama alirudi na huyo daktari kwa mdomo wake, anamwiga, msiulize hii yangu ya kuiga nilitoa wapi: "Mama, mtoto hana ugonjwa. Mtoto anakula jiko."

Kichapo nilichopata siwezi kuwahadithia, mjukuu anaandika. Lakini kichapo si kitu. Mama alisema, "Hiyo dirisha imeisha. Nikisikia uko huko, nakupeleka nyumbani kwa baba yako, ulinde ng'ombe." Na mama hakuwa mtu wa kusema mara mbili.

Nilikaa Ijumaa moja mlangoni kwetu, nasikia kengele ya shule, nahisi kama nimekatwa kitu. Makori anapiga makofi.

Ijumaa ya pili ilikuwa siku ya wazazi. Mwalimu alikuwa amebandika picha zote za watoto kwa ukuta, hata zile mbaya, zote kimo moja. Na yangu aliiweka pia. Mchana mama Chebet akaja kupita kwetu, mama ametoka tu kwa mizani, bado amevaa epron ya mpira. Akasema na ile sauti ya mtu anakula kitu tamu, "Mama Moraa, si uende shule uone. Mikono yako iko kwa ukuta. Watu wanaiangalia."

Mama hakuvua hata epron. Alinishika mkono, Makori akamtupa kwa mgongo wake, tukaenda. Darasa ilikuwa imejaa wazazi, na hedimasta amesimama katikati na suti. Mama akaona. Kila mtu alijua ni yeye, kwa kile kidole na kile kitambaa.

"Ni nani amenianika hapa kama nguo?" akasema. "Mikono yangu mibaya hivi, mimi mwenyewe naficha kanisani, nyinyi mnaweka kwa ukuta?"

Watu wakacheka, wengine wakaangalia chini. Hapo ndio niliona kitu sikuwa nimefikiria kamwe: mama alikuwa na aibu. Mimi nilikuwa nimefikiri naonyesha vile anajua kazi.

Hedimasta akapata nafasi. "Nnilisema! Mwalimu, nilisema! Huyu hata si mwanafunzi wetu! Mzazi, toa hiyo, choma!"

Mama akanyoosha mkono kuitoa. Mwalimu akaja polepole, akasimama kando yake, hakumzuia. Akamsalimu na Kipsigis, na ile sauti ya chini, mpaka ikabidi watu wanyamaze.

"Chamgei, mama. Ni ya mtoto wako, ukitaka itoe. Lakini kwanza uniambie, ni nini haiko sawa hapa?"

"Yote haiko sawa!"

"Niambie kitu moja."

Mama akaangalia kwa hasira. Aliangalia, aliangalia. Na mimi nikaona hasira inaanza kutafuta mahali pa kukaa na haipati. "Hiki kidole kidogo," akasema. "Hakijapinda hivi. Kimepinda kuingia ndani, halafu kinatoka. Huyu amekichora kama ndoano."

"Eh. Na nini ingine?"

"Hiki kidole gumba. Iko na mstari hapa, imepasuka. Hajaweka." Na mama akalamba kidole chake, akakipeleka kwa makaa, atengeneze.

Mwalimu akaweka mkono wake katikati, taratibu. "Hapana, mama. Hiyo ni ya Moraa. Hata mimi siigusi. Chukua yako."

Akampa karatasi. Akampa makaa. Akavuta dawati.

Mama akamwangalia vile unaangalia mtu mwenye amekuambia upae. "Mimi sijui kushika kalamu, mwalimu."

"Hii si kalamu. Hii ni mti ya chai. Wewe umeishika miaka mingapi?"

Na mama akakaa. Magoti juu, epron inalia kwarakwara, Makori mgongoni. Akaweka mkono wake wa kushoto kwa dawati na akauangalia. Nakuambia, sikuwa nimewahi kuona mama anaangalia mkono wake. Alikuwa anauosha, anauloweka, anauficha, lakini kuuangalia, hapana. Hedimasta akaanza, "Wwwazazi, tuendelee..." na mama Chebet, huyo huyo mchochezi, akamwambia, "Shhh! Mwache afanye!"

Alichora kidole gumba peke yake. Ilitoka kama kiazi. Lakini ule mpasuko aliuweka, na aliuweka vizuri mpaka ulikuwa unauma kuangalia. Mwalimu hakusema hongera. Alisema, "Hapa umekuwa mwepesi sana." Mama akajibu, "Hapo ndio kunauma."

Halafu akainua macho kwa picha yangu tena. "Na hili fundo," akaniuliza, bila kelele. "Umejua aje? Nalifunga kabla hujaamka."

"Huwa nimeamka," nikasema.

Na mwalimu, ameshaenda huko nyuma karibu na mlango, darasa nzima iko katikati, akasema, "Mama, mtoto anakula." Makori alikuwa ameshusha mkono kwa dawati, ameiba kipande cha makaa kidogo kama mbegu ya mahindi. Kutoka huko mlangoni aliona! Mimi nikageuka nikamwangalia huyo mtu. Macho yake ilikuwa nzima kuliko ya mwewe. Miezi yote hiyo nimembebea majani, nimemwelezea rangi kama mgonjwa! Nilikasirika, nikataka kumwambia wewe ni mwongo. Lakini nikafikiri tena, tukitembea kurudi nyumbani. Hakuwahi kusema haoni. Alisema yeye haoni kijani. Na kutu, pengine ni kweli hakuwa ameiona. Mpaka leo sijajua. Nimelea watoto sita na wajukuu sijui wangapi, na kila wakiniletea kitu nataka kusema najua, najua. Huyo mtu alikuwa na shule kichwani na aliweza kuingojesha mpaka mtoto amalize kusema. Mimi mdomo wangu haujui kungoja, mnanijua.

Picha ilibaki kwa ukuta. Tulipofika nyumbani, mama hakuingia kwetu, aliingia kwa mama Chebet. Nikasikia wanabishana, sauti juu, sauti chini. Akatoka.

"Ijumaa mama Chebet atakaa na Makori," akasema. "Ijumaa peke yake. Hizo siku zingine kazi yako ni ile ile."

"Na yeye umempa nini?"

"Hiyo haikuhusu."

Nilikuja kujua Jumapili. Tumetoka kanisani, mama akaenda kwa mfereji na beseni mbili, nguo zetu na nguo za mama Chebet, na za bwana yake, na mashuka ya watoto watano wa kukojoa. Maji ya huko juu ni baridi ya kuvunja mfupa. Alikuwa anasugua, na ule mpasuko wa kidole gumba umefunguka, sabuni inaingia. Nikainama, nikashika shuka nikamue pamoja na yeye.

Akanisukuma na kiwiko. "Wacha," akasema. "Yako ni Ijumaa."